Herufi moja mwishoni mwa neno

Nilipoanza masomo katika Idara ya Kiingereza, somo la mofolojia lilionekana rahisi kwangu. Mwalimu aliandika ubaoni viambishi vinane tu, akasema kwamba hivyo ndivyo Kiingereza cha leo kinavyotumia kwa ajili ya sarufi: "-s" ya wingi, "-'s" ya umilikaji, "-s" ya nafsi ya tatu, "-ed", "-en", "-ing", "-er" na "-est". Mimi ninayesema lugha ambamo neno moja kama "hatutawapikia" linabeba ukanushi, mtenda, wakati, watu wanaotendewa na kitendo chenyewe, nilicheka moyoni. Vinane tu! Nilivikariri kwa usiku mmoja, nikapata alama nzuri.

Miezi michache baadaye, koko mmoja wa mtaa wetu hapa Goma aliniita. Mjukuu wake alikuwa amepotezana naye wakati wa kukimbia vita upande wa Rutshuru, na sasa alikuwa ameonekana ng'ambo, Uganda. Mtu wa shirika moja alikuja kuuliza habari za familia, naye hakujua Kifaransa wala Kiswahili. Koko akamwambia kwa ishara angoje, kuna kijana anayesoma Kiingereza chuoni.

Mgeni aliuliza mama wa mtoto yuko wapi. Koko akajibu: "Mama yake anaishi Bukavu." Nikatafsiri: "His mother live in Bukavu." Mgeni akainua kichwa: "Lived?" Nikasema: "Yes." Akaandika, koko akatia kidole gumba, tukaagana vizuri.

Baada ya wiki mbili simu ilipigwa: mama wa mtoto alifariki mwaka gani? Nilipomfikishia koko swali hilo, alikaa chini polepole. "Mwanangu, nani alikuambia?" Alidhani nimepata habari ya msiba kutoka Bukavu nikamficha. Tulimpigia binti yake. Alipoitika, koko alilia kwanza, ndipo akaweza kusema. Dosie ilirekebishwa, lakini ilibidi ianze upya, na mtoto alikaa huko mwezi mzima zaidi. Kosa halikuwa la mgeni. Aliniuliza, nami nikakubali.

Kilichonisumbua si kwamba sikujua kanuni. Niliijua. Kwa nini basi ulimi wangu uliiacha, na kwa nini sikio langu halikusikia tofauti kati ya "live" na "lived"?

Nadhani jibu liko katika lugha mbili nilizotangulia kuzijua. Katika Kiswahili, idadi na wakati hukaa mbele ya mzizi: kitabu, vitabu, anaishi, aliishi. Mwishoni kuna kazi pia, kama katika pika, pikia na pikwa, lakini anayetaka kujua ni nani na ni lini husikiliza mwanzo. Tena Kiswahili hurudia. Katika "watoto wadogo wawili wamelala", wingi umetajwa katika kila neno. Ukikosa kusikia moja, mengine yatakuokoa.

Kisha shule ikatuletea Kifaransa. Kifaransa huandika wingi mwishoni lakini mara nyingi hakiutamki. "Livre" na "livres" husikika sawa. "Il parle" na "ils parlent" vilevile. Kinachotuambia kwamba vitabu ni vingi ni "les", nayo inakaa mbele. Kwa hiyo lugha zote mbili zimefundisha masikio yetu kungoja habari mwanzoni, na Kifaransa kikaongeza somo la pili: herufi ya mwisho ni ya macho, si ya sikio.

Kiingereza kinadai kinyume chake. Zamani kilikuwa na viambishi tamati vingi, vikamomonyoka. Hata "feet", wingi wa "foot", ni alama ya kiambishi kilichobadilisha irabu ya mzizi kisha kikatoweka. Vichache vilivyobaki vimerithi mzigo mzito, na sauti yao ni ndogo: "-ed" ni "t" katika "worked" na "d" katika "lived", katika "wanted" tu ndipo tunapata irabu ya kuegemea. Mwaka 1958 Jean Berko alichapisha utafiti ambamo aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe cha kubuni aliyekiita "wug", kisha picha ya viwili. Watoto wengi walisema "wugs", neno ambalo hawakuwahi kulisikia. Walikuwa na kanuni hiyo masikioni. Mimi nilikuwa nayo kwenye daftari.

Tangu siku ile ninakata kila neno vipande kabla ya kulitafsiri, hata pale ambapo kiambishi hakibadilishi wakati bali maana. Chukua "unlockable". Ukiunganisha "lock" na "-able" kwanza, ndipo ukaweka "un-", una mlango usiofungika kwa ufunguo. Ukianza na "unlock", una mlango unaoweza kufunguliwa. Neno ni lilelile, milango ni miwili tofauti. Kiswahili hapa kinatupa faida, kwa sababu kukanusha na kufungua kilichofungwa ni kazi za viambishi tofauti: "-si-" na "-ua". Mwanafunzi anayejua funga na fungua tayari ameshika nusu ya somo, ikiwa tu mwalimu atamwonyesha.

Ndiyo maana ninawaomba walimu wetu jambo moja. Mitihani ya mofolojia isiwe ya kuandika peke yake. Tusomewe sentensi, "lives" na "lived", "brother" na "brothers", nasi tuseme tumesikia nini. Wengi tutaanguka mara ya kwanza. Afadhali tuanguke darasani.

Koko hajanisahau. Nikipita mbele ya nyumba yake, mjukuu akicheza uani, huniita kwa sauti: "Mwalimu, anaishi ao aliishi?" Nami humjibu nikitamka herufi zote.