Jasho la Jeddah, rejeta ya Riyadh

Julai hapa Riyadh joto la mchana hupita nyuzi 45. Ukipita mitaa ya gereji, Sanaiya, utakuta vijana wenye Mustang na Patrol zilizoongezewa nguvu wakifungiwa rejeta nene za alumini, feni kubwa za umeme na kipoza oili. Nguvu ikiongezeka na joto huongezeka, rejeta ya kiwandani ikashindwa.

Jeddah, kando ya Bahari ya Shamu, ndugu wa Tanga au Mombasa atajiona yuko kwao. Unyevu haukaushi jasho, mwili haupoi. Lakini rejeta haitoki jasho, inachojali ni hewa imepoa kiasi gani kuliko maji. Ndiyo maana mara nyingi Jeddah humtesa dereva, Riyadh hulitesa gari. (Ingawa Juni 2010 Jeddah ilifika nyuzi 52!) Chumvi ya bahari nayo hula alumini, huku kwetu ni vumbi, linaziba matundu.

Ile tabia ya mafundi wa nyumbani ya kung'oa thamostati gari likichemsha, mimi siipendi. Ni kumeza panadol na kuacha malaria.

Mnaotoka Jeddah na watoto kuja Riyadh, kilomita 950 hivi, mtihani ni mlima wa Al Hada kuelekea Taif. Gari likichemsha, simama, zima injini, usiguse kifuniko cha rejeta. Maji yaliyobanwa mle hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu yanakurukia usoni. Majeraha hayo nimeyafunga bandeji. Ngojeni nusu saa au zaidi, hata watoto wakilia.