Ukumbi Ule Ule, Watu Wale Wale

Sisi tuliokuwa vijana wa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 tulipenda burudani kwa moyo wote, na tuliipata kwa kuifuata ilipo. Televisheni hatukuwa nayo; Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994. Tulikuwa na Radio Tanzania, tulikuwa na majumba ya sinema kama Avalon, Empire na Odeon, na tulikuwa na kumbi za dansi. Ukitaka kuona picha ulipanga foleni. Ukitaka kumsikia mwimbaji kwa sauti yake mwenyewe ulioga, ukapiga pasi shati, ukaenda anakoimba.

Wenzangu wengi wa rika langu wanasema muziki ulizikwa pamoja na enzi zetu. Sikubaliani nao. Lakini ninaamini tulikuwa na kitu kimoja ambacho vijana wengi wa leo hawajapewa, na kitu hicho si nyimbo. Nyimbo zetu wanazo, wanazisikiliza kwenye simu na kuzichezea harusini. Ninachokisema mimi ni ukumbi wa kila wiki: wapigaji wale wale, mbele ya wasikilizaji wale wale, mwaka hata mwaka.

Nianze na nilivyovipenda, kwa sababu anayepanda jukwaani hupanda na kila alichokisikia akiwa chini. Nilipenda picha za Kihindi. Mother India ilitoka mwaka 1957, nami niliiona ikiwa imekwisha kuzunguka miaka mingi, na bado jumba zima lilikuwa likilia pale mama anapomlenga bunduki mwanawe wa kumzaa. Nilipenda mchezo wa redio wa Pwagu na Pwaguzi. Saa yake ikifika, jirani asiye na redio alihamia barazani kwa aliye nayo. Nilipenda taarabu ya Tanga, hasa sauti ya Shakila alipokuwa Black Star na baadaye Lucky Star. Kutoka Kongo nilimpenda Franco kwa gitaa na Tabu Ley kwa koo lake.

Juu ya wote alikuwa Mbaraka Mwinshehe. Alitokea Morogoro Jazz, na mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja, na aliwafanya vijana wa mikoani waamini kwamba ukitoka Morogoro, Tabora au Kilwa unaweza kusikika Afrika Mashariki nzima. Alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, hakuwa ametimiza miaka 35. Siku zile watu walimlilia kama ndugu wa damu.

Mimi nilipiga gitaa la rithim katika bendi ya shirika moja la umma. Kijana wa leo huenda akashangaa shirika lilitaka nini na bendi, lakini ndivyo nchi ilivyokuwa. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Vijana Jazz, iliyokuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, ilianza mwaka 1971. Jeshi na Polisi walikuwa na bendi zao. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ikawa DDC Mlimani Park. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mwanamuziki alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara. Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo, lakini ulikuja mwisho wa mwezi, na ndio uliotupa asubuhi za mazoezi.

Mazoezi yalikuwa kazi yenyewe. Mtunzi alikuja na maneno na sauti ya kuimbia, basi. Mpiga besi akatafuta njia yake ya chini, mpiga solo akatafuta ya juu, nami katikati nikatafuta mapigo ambayo yangewabeba wote wawili bila kuwagonga. Mpiga rithim hatazami vidole vyake. Anatazama mabega ya mwimbaji, kwa sababu mabega yakipanda kidogo anavuta pumzi, na pumzi hiyo inakwambia kama atauchelewesha mstari au ataukata mapema. Sehemu ya kwanza ya wimbo ilikwenda polepole ili maneno yasikike. Halafu mpiga dramu alitoa ishara, tumba zikaingia kwa nguvu, waimbaji wakarudi nyuma hatua moja, magitaa yakapokezana na matarumbeta, na hapo ndipo ilipoanza sehemu tuliyoiita chemko. Urefu wa chemko haukupangwa mazoezini. Uliamuliwa na waliokuwa wakicheza.

Ukumbi ulianza kujaa baada ya saa tatu usiku. Mapema tulipiga vipande vya ala tupu, taratibu, watu wakitafuta viti. Wapenzi wetu walikuwa na meza zao, na baada ya muda nilijua nani anakaa wapi. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani, aliyekaa karibu na spika ya kushoto wala hakucheza hata siku moja. Alikuja kusikiliza maneno. Tulipoleta wimbo mpya kuhusu mke aliyeiacha ndoa yake, alinyamaza mpaka mapumziko, akamwita mtunzi wetu mezani kwake. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Akamwambia, “Mwanangu, umemsema sana huyu mama, na hujatuambia mumewe alimfanya nini.” Hakusema zaidi, akarudia kinywaji chake. Juma lililofuata wimbo ulikuja na ubeti mpya, na mume akatajwa. Mzee alinyanyuka, akapita katikati ya wachezaji bila haraka, akaja kumtunza mwimbaji noti usoni.

Nimeufikiria ubeti ule maisha yangu yote. Mzee yule aliweza kutufundisha kwa sababu alijua Jumamosi inayofuata tutakuwa pale pale, nasi tulijua naye atakuwapo. Aliyesikia wimbo mara moja anaweza kusema anaupenda au haupendi. Aliyeusikia kila Jumamosi anajua ubeti upi umelegea, anajua mwimbaji amechoka wapi, anajua siku mpiga besi alipobadilisha njia na kwa nini ikapendeza. Wasikilizaji wa namna hiyo hawapatikani kwa matangazo. Wanakuzwa na ukumbi, na wakishakua wanawakuza wapigaji.

Wimbo ulipofika studio ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, ulikuwa umeshapita mikononi mwa watu mamia. Bendi nzima ilirekodi kwa pamoja, kwa mkupuo, akikosea mmoja mnarudia wote. Ndiyo maana kanda zile mpaka leo zina uhai. Unaposikia waimbaji wa NUTA Jazz au Mlimani Park wakiitikiana bila kugongana, unasikia miezi ya kusimama pamoja usiku. Ushindani nao ulisaidia. Kati ya Msondo, yaani NUTA Jazz, na Sikinde, yaani Mlimani Park, mji uligawanyika kama unavyogawanyika kwa Simba na Yanga, na Sikinde yenyewe ilichukua jina na mapigo kutoka ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa mji huu. Marehemu Muhiddin Maalim Gurumo alisimama pande zote mbili: alikuwa na NUTA Jazz tangu 1964, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, na kote wapenzi walimdai ubora ule ule.

Haki itendeke, nitaje pia tulikodhulumiwa. Vyombo havikuwa vyetu, na mwanamuziki akihama bendi aliondoka na nguo zake na sauti yake. Nyimbo zetu zilichezwa redioni miaka nenda rudi, na wengi waliozitunga walizeeka wakitafuta nauli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, wakati wenzetu wengi walikuwa kaburini. Maneno ya nyimbo yalipitiwa kwanza na wakubwa, na tulijifunza kuzungusha jambo kwa mafumbo pale tulipotaka kulisema wazi. Wanawake waliujaza ukumbi, walijua muziki kuliko wengi wetu, lakini walioshika maiki ya dansi walikuwa wachache mno. Mwimbaji Lady Jaydee amejijengea jina, ameunda bendi yake na ana nyimbo zake, na nyuma yake wamefuata mabinti wengi. Hilo vijana wamelishinda, nasi wazee tuwape heshima yao bila kubana meno.

Ukumbi wa kila wiki ulivunjika taratibu. Mashirika yalianza kuyumba katika miaka ya 1980, na yalipouzwa au kufungwa, bendi zilibaki bila mwajiri. Redio na televisheni za watu binafsi ziliingia kuanzia 1994, disko zikaongezeka, na mwenye ukumbi akaona kijana mmoja mwenye kanda na spika anamfaa kuliko watu kumi na wanne wanaotaka kula. Ukimwi nao ulituchukulia watu wengi, wapigaji na wapenzi. Kumbi kadhaa nilizopiga zimekuwa maghala, nyingine nyumba za ibada.

Vijana wakaanza upya kwa walichokuwa nacho. Hawakuwa na gitaa wala mwajiri, walikuwa na kompyuta ya studio na maneno mengi ya kusema, wakazaa Bongo Fleva. Ninaipenda kwa ujasiri wake. Inamtaja mkubwa anayekula rushwa, inataja umaskini wa chumba kimoja, na wenye kipawa wanaishi kwa kazi yao kuliko sisi tulivyoishi. Ila mpangilio umegeuka. Wimbo unazaliwa studio, unatoka ukiwa umekamilika, ndipo unapelekwa jukwaani, na mara nyingi kijana anaimba juu ya sauti yake aliyokwisha kuirekodi. Anasimama mbele ya maelfu wa Mwanza leo na maelfu wa Mbeya kesho, watu ambao huenda asiwaone tena. Wanamshangilia kwa dhati, naye anaondoka bila kuambiwa ubeti wa pili umelegea. Kipawa anacho, sauti anayo. Aliyenyimwa ni yule mzee wa karibu na spika.

Hapa wenzangu watanishangaa, maana nitasema warithi wetu wa karibu zaidi nimewaona kwenye singeli, muziki wa vijana wa mitaani. Wazee hawaipendi. Wanasema ni kelele, na mwendo wake kweli ni wa kasi ambayo miguu yangu haiwezi tena. Lakini mjukuu wangu alinipeleka Manzese kwenye sherehe ya mtaani, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikasikiliza kwa masikio ya mpiga rithim. Chini ya kasi ile nilisikia mchiriku, muziki wa mitaani uliotangulia singeli, na chini ya mchiriku nikasikia ngoma za Wazaramo, zile zile zilizotulea. Kijana aliyeshika maiki aliimba mwenyewe, papo hapo. Alimtaja mama mwenye shughuli, akawataja waliotoa na wasiotoa, akarefusha wimbo kwa sababu kina mama walikuwa hawajachoka. Mara alipolegea, watoto wa mtaa walimpigia kelele, akajikaza. Wote wanamjua, na wiki ijayo atakuwa mtaa wa pili mbele ya watu wale wale.

Muziki huo uliolelewa kwenye vichochoro na studio ndogo kama ile ya Sisso pale Mburahati umefika kwenye matamasha ya Ulaya. Mwaka 2017 mkusanyo wake, Sounds of Sisso, ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Uganda, na dunia ikageuza kichwa. Waandishi waliushangaa mwendo. Mimi sikushangaa umefika mbali, kwa kuwa ulikuwa umepitia wakaguzi wakali kabla ya kupanda ndege.

Basi ninachowaomba wenye mamlaka ya mji na wenye fedha si sanamu za wanamuziki waliokufa wala tamasha moja kubwa la mwaka. Kila manispaa ina ukumbi unaolala bure siku za kazi. Watoe usiku mmoja wa juma, usiku ule ule kila juma, wawape vijana wale wale vyombo na umeme kwa mwaka mzima, kiingilio kiwe cha bei ambayo fundi cherehani anaimudu. Walipwe kitu kidogo cha uhakika ili wapate asubuhi za mazoezi. Mwaka wa kwanza watu watakuwa wachache. Mwaka wa pili wataanza kuwa na meza zao.

Nanyi wenzangu wa rika langu, tuache kukaa nyumbani tukiulaumu muziki ambao hatuendi kuusikiliza. Sisi tulilelewa na watu wazima waliotoka usiku, wakalipa kiingilio, wakakaa karibu na spika, wakatuambia ukweli kwa upole. Deni hilo hatujalilipa. Vijana wanapiga Jumamosi hii, si mbali na tunakoishi. Twende, tulipe mlangoni kama wengine, tusikilize mpaka mwisho, na tukiwa na neno tuliseme wakati wa mapumziko, mezani, kwa kuwaita wanangu. Juma linalofuata turudi tena.