Wimbo unaopanda na kushuka na timu

Ukishuka treni katika kituo cha Wembley Park, kaskazini magharibi mwa London, huhitaji kuuliza njia. Mbele yako kuna barabara pana ya waenda kwa miguu inayonyooka hadi uwanjani, na upinde mweupe wenye urefu wa mita 133 unaonekana juu ya paa. England inapocheza hapo, barabara hiyo hujaa familia, watoto wakiwa mabegani mwa baba zao. Wimbo utakaousikia zaidi ni Three Lions.

Ulitoka mwaka 1996, England ilipoandaa Euro. Waliuimba wachekeshaji David Baddiel na Frank Skinner pamoja na bendi ya The Lightning Seeds. Ulishika namba moja kwenye chati ya Uingereza mwaka huo, ukarudi 1998 ukiwa na mashairi mapya, kisha 2018, miaka yote miwili ikiwa ya Kombe la Dunia.

Mwaka 2018 una somo kwa mzazi. Chati hiyo huhesabu mauzo na usikilizaji wa mtandaoni kuanzia Ijumaa hadi Alhamisi. Jumatano, Julai 11, England ilifungwa 2-1 na Croatia kwenye nusu fainali mjini Moscow. Ijumaa wimbo ukatangazwa namba moja, kwa kuwa watu walikuwa wameusikiliza siku zote za matumaini. Wiki iliyofuata ulikuwa namba 97.

Hamu ya wimbo ikiisha, hakuna anayeumia. Hasira ya nyumbani ni jambo jingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walichunguza taarifa za polisi wa Lancashire wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. Taarifa za ukatili wa majumbani ziliongezeka kwa asilimia 26 England iliposhinda au kutoka sare, na asilimia 38 ilipofungwa. Mpira peke yake haumfanyi mtu kuwa mkatili, lakini pombe na mihemko huchochea tabia iliyokuwepo.

Mtoto uliyemfundisha wimbo wa timu atautazama uso wako filimbi ya mwisho ikilia. Kabla ya mechi, panga mtakula nini baada yake, nani atamlaza mtoto na pombe itakomea wapi. Mkifungwa, mwambie umeumia, kisha mle chakula kama mlivyopanga.