Karakana ya Magari ya Waya Kule Kadutu

Mji wetu wa Bukavu, ambao zamani za Wabelgiji uliitwa Costermansville, umekaa ukingoni mwa ziwa Kivu kama mkono uliotiwa majini: vidole vyake ni rasi tano ziingiazo ziwani. Wageni hupenda kutazama vidole hivyo. Lakini atakaye kuona jasho la mji, na aliache ziwa nyuma ya mgongo wake, apande mpaka Kadutu, penye soko kubwa na nyumba zilizobanana juu ya mteremko. Huko ndiko nilikokwenda Jumamosi moja ya wakati wa mvua, nikimtafuta mwanafunzi wangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa nikifundisha jiometria, nikamwona kijana mmoja ameficha gari dogo la waya chini ya meza. Nililichukua, nikalifungia kabatini, nikamkemea mbele ya wenzake kwamba elimu haipatikani kwa vitu vya kuchezea. Siku tatu zikapita asirudi shuleni. Ndipo bibi yake, mjane amleaye, aliponijia baada ya Misa, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, lile gari lilikwisha kulipiwa. Fedha yake ndiyo karo ya mjukuu wangu." Nilikosa la kujibu. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za Serikali hazidai karo, lakini sisi wa sekondari tungali twaidai.

Karakana niliyoelekezwa ni banda la mabati, lisilo na mlango. "Tumsifu Yesu Kristu," nikabisha. "Milele na milele, Mwalimu, karibu," akaitika fundi, mtu wa makamo, bila kuiacha koleo yake. Vijana sita walikuwa wameketi juu ya mawe wakikunja waya. Vyombo vyao ni koleo, nyundo, misumari na mkasi wa kukatia bati. Bati lenyewe hutoka katika makopo ya maziwa na ya nyanya. Magurudumu hukatwa katika kandambili chakavu.

Ukutani palikuwa na picha iliyochanwa katika kalenda: gari la mashindano, pua ndefu, viti viwili, tumbo karibu kugusa ardhi. Ndilo walilokuwa wakiliiga siku ile, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyepata kuliona kwa macho. Niliona gari moja limeinuka kuliko mengine. Nikamwuliza mdogo aliyeliunda kwa nini hakufuata picha. Akanijibu: "Mwalimu, hili langu litapita Kadutu hata mvua ikinyesha." Sote tukacheka.

Mwanafunzi wangu alikuwa pembeni, akiunda gari la pili badala ya lile nililolifungia. Aliponiona alisimama kwa hofu. Nikamwambia: "Keti, mwanangu. Leo nimekuja kufundishwa."

Akalipindua gari, akanionyesha sehemu ya chini. Gari likipinda kona, magurudumu yote huzunguka kitovu kimoja. Gurudumu la ndani huchora duara dogo, la nje huchora duara kubwa. Kwa hiyo la ndani halina budi kugeuka zaidi. Yakigeuka sawasawa, moja huburutwa, na mpira wa kandambili huisha upesi. Kijana aliliona jambo hilo kwa kuharibu magurudumu mengi. Kisha akaikunja mikono miwili ya usukani ielekee ndani, na waya uiunganishao akaufanya mfupi kuliko nafasi iliyo kati ya maungio ya magurudumu. Umbo lililopatikana lina pande nne, na mbili tu ndizo sambamba. Ni trapeza! Ndilo somo nililokuwa nikilichora ubaoni saa ile nilipomnyang'anya gari lake.

Niliporudi nyumbani nilifungua vitabu. Nikasoma kwamba usukani wa namna hiyo ulibuniwa na Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi wa Munich, nchini Ujerumani. Mwaka 1818 wakala wake, Rudolph Ackermann, aliuandikisha kule London, na hata leo wahandisi huuita kwa jina la Ackermann. Aliyebuni amesahauliwa, na aliyeandikisha anakumbukwa.

Fundi wa Kadutu hakubali jambo kama hilo litokee bandani mwake. Chini ya kila gari mtoto aliyeliunda huchora kwa msumari herufi za jina lake. Nilimwuliza fundi sababu. Akasema: "Kuiga si wizi, Mwalimu. Wizi ni kuficha mkono uliofanya kazi."

Tena huwauzia watoto wasio na fedha vipande tu, yaani waya uliokunjwa, bati lililokatwa na magurudumu manne, nao wakaviunga nyumbani. Wazungu nao walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1957 Colin Chapman wa Uingereza alitoa gari la mashindano liitwalo Lotus Seven. Wengi walilinunua likiwa vipande, wakaliunga wenyewe, kwa maana vipande havikutozwa kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima. Kumbe mwenye fedha kidogo hulipa salio kwa mikono yake, huko Ulaya na hapa kwetu.

Jumatatu kijana alirudi darasani. Nilifungua kabati, nikaliweka gari juu ya meza, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomwaibisha. Kisha akatufundisha trapeza, nasi tukapima kwa rula. Jioni bibi alilipeleka gari kwa mwenyewe.

Wazazi na walimu wenzangu, Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya seremala, naye hakuona haya kuitwa mwana wa fundi. Basi kabla ya kumnyang'anya mtoto kitu alichokiunda, tukipindue kwanza, tutazame chini yake. Huenda somo letu limekwisha kuandikwa pale, pamoja na jina la aliyelielewa.