Chumvi Haina Rafiki

Msomaji, mimi nimezaliwa Gongoni, kaskazini ya Malindi, mahali ambapo chumvi huvunwa kama wenzetu wanavyovuna mahindi. Mama yangu alifanya kibarua huko miaka mingi, akikwangua chumvi juani, nyayo zimepasuka. Baiskeli ya baba ililiwa na kutu mpaka siku moja paipu yake ikakatika njiani, naye yuko juu yake. "Chumvi haina rafiki," mama alisema huku akimpangusa damu. Nilicheka. Nilikuwa mtoto.

Baadaye nikajikuta fundi wa gereji katika jiji ambalo jina lake lenyewe ni la chumvi: Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani. Dunia ina mizaha yake.

Mwaka 2020 tajiri yangu alinunua Lamborghini Gallardo kwenye mnada wa magari ambayo bima imeyakatia tamaa. Lilikuwa limegonga uso kwa uso. Boneti imekunjamana kama karatasi ya maandazi, taa zimetoka kama macho ya pweza. Lakini injini yake ya silinda kumi hukaa nyuma ya dereva, na ilikuwa nzima.

"Hatulitengenezi kwa ajili ya barabara," akasema. "Tunalipeleka Bonneville."

Bonneville ni uwanda wa chumvi karibu na mji wa Wendover, mpakani na Nevada, mabaki ya ziwa la kale lililokauka. Hapo ndipo Mwingereza Malcolm Campbell, tarehe 3 Septemba 1935, alipopita maili 301 kwa saa, yaani kilomita 484. Hakuna aliyewahi kuvuka maili 300 juu ya nchi kavu kabla yake. Na tangu 1949 watu hukusanyika huko kila Agosti, mvua ikiwaruhusu, kupimana mbio. Zawadi ya pesa hakuna. Ni jina lako kitabuni tu.

Tulifanya kazi mwaka mzima. Kiunzi cha Gallardo ni cha aluminiamu, na kizimba cha kumlinda dereva tulikijenga kwa mabomba ya chuma. Vitu hivyo viwili havichomelewi pamoja, kwa hiyo tulivifunga kwa mabamba na bolti. Hapo ndipo elimu ya Gongoni ilipofaa. Chuma na aluminiamu zikigusana, halafu zikapata maji ya chumvi, huwa kama betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Nikataka kila bamba litenganishwe kwa plastiki ngumu na rangi nzito. Tajiri alinicheka. Kesho yake akaja na plastiki mwenyewe.

Tukafunga mikanda, mitungi ya kuzimia moto, parachuti ya nyuma. Agosti 2021 ikafika.

Usiku wa kuamkia safari nilikuwa peke yangu chini ya gari na tochi. Pale panaposhikilia mkono wa gurudumu la nyuma, upande wa kulia, nikaona ufa. Mwembamba kama unywele. Na palikuwa pamechomelewa na mimi.

Bwana we, nitasema kweli: niliufuta kwa kitambaa, nikazima taa, nikaenda nyumbani. Tajiri alishalipa ada, alishawaalika rafiki zake. Mimi nilikuwa na kodi ya nyumba, na mama wa kumtumia pesa. Tena nilijiambia, labda ni mkwaruzo tu.

Usingizi haukuja. Saa kumi alfajiri nikampigia mama. Gongoni ilikuwa saa saba mchana. Nikamweleza yote.

"Huyo atakayeliendesha, ana mama?"

"Anaye."

"Sasa unaniuliza nini, mwanangu?"

Kulipokucha nikamwambia tajiri. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliingia chini ya gari, akatazama muda mrefu, akatoka, akafunga geti. Wiki nzima hatukusemezana. Nikaanza kupanga spana zangu ndani ya sanduku. Jumatatu nikakuta kipande cha aluminiamu mezani kwangu. "Chomelea," akasema, "mbele yangu." Nikachomelea. Akakipinda kwenye jiliwa mpaka akaridhika.

Mwaka 2022 uwanda ulijaa maji, mashindano yakafutwa. Tulienda 2024.

Sikuwa nimejiandaa kwa weupe ule. Jua linakupiga kutoka juu, halafu linakupiga tena kutoka chini, mpaka watu wanapaka mafuta ndani ya pua. Mkaguzi alipitisha mkono kwenye mabamba, akauliza ni nani aliyeweka plastiki. Tajiri akaninyooshea kidole. Hakuongeza neno.

Dereva mgeni hapandishwi mbio mara moja, hupanda ngazi kwa ngazi. Mbio yake ya mwisho ilikuwa kilomita 287 kwa saa. Mtacheka, maana gari hilo likitoka kiwandani huvuka 300. Lakini chumvi si lami. Matairi huteleza, na uwanda uko juu mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, injini inapumua kwa shida. Rekodi hatukuvunja. Parachuti ilipofunguka kule mbali, mimi nilikuwa nalitazama gurudumu la kulia tu.

Jioni tuliliosha gari kwa maji mengi, chini, ndani, kila tundu, mpaka giza likaingia. Nikalamba kidole. Ni ileile ya kwetu.

Nikampigia mama.

"Limekimbia?"

"Limekimbia."

"Na aliyeliendesha amerudi?"

"Amerudi, mama."

"Haya. Nenda ukaoge."