Saa Mbili za Kungoja Benchini



Wapendwa waamini, wiki hii wanajumuiya kadhaa wametuomba tueleze kipimo kile cha sukari ambacho mtu hutolewa damu, hunyweshwa maji matamu, kisha huambiwa aketi angojee. Wengi wetu tushukao Arusha mjini kutoka Tengeru, Ngaramtoni na vijiji vya mteremko wa Meru tumezoea tone moja la kidoleni. Namba ikiwa nzuri, twapanda gari kurudi nyumbani. Wapo basi wanaoinuka benchini kabla ya kutolewa damu mara ya pili, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi.

Usiku, mtu akiwa hajala, mwili huishi kwa akiba. Ini huachia sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose. Mafuta yaliyohifadhiwa huvunjwa, asidi zake huingia katika damu kuwa kuni za misuli, na nyingine ini huzigeuza kuwa ketoni. Asubuhi mtu anakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa majini. Sukari hupanda, kongosho humwaga insulini, na agizo la insulini halihusu sukari peke yake. Ghala la mafuta hufungwa: asidi za mafuta hushuka, ketoni hushuka. Misuli hupunguza kuvunja protini zake, hata asidi amino kama leusini hupungua. Laktati hupanda, kwa kuwa sukari sasa inatumika kwa wingi. Mwaka 2008 watafiti wa Boston, Marekani, waliona hata asidi za nyongo zikipanda katika damu. Kwa mtu ambaye mwili wake hauisikii insulini vema, mabadiliko hayo hufifia. Sukari hukawia juu, na akiba huendelea kuvuja.

Hospitalini hupimwa glukosi tu, nayo yatosha. Ikifika milimoli 7.0 kwa lita kabla ya kula, au 11.1 baada ya saa mbili, ni kisukari. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine. Kati ya 7.8 na 11.0 baada ya saa mbili, mtu yu njiani kuelekea huko, na bado anaweza kugeuka. Mwezi uliopita tuliketi na mzee wa kigango kimojawapo. Namba ya kwanza ilikuwa 5.9, akachukua kofia yake. Tukamsihi akae. Ya pili ilikuwa 10.2.

Maji haya si mageni nchini. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha matokeo ya kuwapima hivyo watu zaidi ya 6,000 wa vijiji sita. Mgonjwa alikuwa takribani 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulipata takribani 9 kati ya 100. Rika na vipimo havikuwa sawa, hivyo tusilinganishe kwa rula. Lakini nani atasema tena kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri?

Wengine hujinyima ugali na ndizi siku kadhaa kabla, ili “wafaulu”. Kumbe mwili uliozoea akiba huipokea glukosi kwa uzito, na namba yaweza kutoka juu kuliko hali halisi. Siku tatu kabla, mtu ale wanga kama kawaida, angalau gramu 150 kwa siku, kisha afunge usiku kwa saa 8 hadi 14. Maji matupu yanaruhusiwa, kama Papa Pio XII alivyoyaruhusu kabla ya Komunyo mwaka 1953. Wakati wa kungoja asivute sigara, wala asikimbilie soko la Kilombero kununua vitunguu. Akitapika, amwambie mhudumu. Akina mama wajawazito hupimwa kati ya wiki ya 24 na 28, na mipaka yao ni ya chini zaidi.

Yule mzee alimwuliza muuguzi jambo moja tu: loshoro je? Akajibiwa kwamba ataendelea kula, ila bakuli liwe dogo, na kanisani aje kwa miguu, bodaboda aiache.