Mkulo na Zinki: Kurasa za Lushoto

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya Juni imekaza. Asubuhi nilikwenda TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, kulinganisha tawi langu na sampuli zao kavu. Ndio wenyewe, mkulo, Ocotea usambarensis, mti uliobeba jina la milima hii ya Usambara. Mchana tukapanda msitu wa Magamba na bwana misitu, kibali mkononi. Kando ya njia tulikuta mkulo uliochunwa gome pande zote hadi usawa wa kifua. Shina limepasuka, matawi ya juu yamekauka. Nilifikicha jani la mti wa pili, harufu ya kafuri ikanijaa puani. Nimechukua majani tu. Dawa ninayoitafuta ikitegemea gome, msitu huu hautaimudu.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwamkia babu wa jirani, akaniweka kitako jikoni penye moto. Kaniambia zamani unga wa gome la mkulo ulinyunyizwa kwenye jipu likishapasuka. "Siku hizi, mwanangu, mtu anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge vinne, maumivu yakipoa anaacha."

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwani antibiotiki zikitumiwa hivyo huweza kulea bakteria sugu. Mwaka 2019 bakteria sugu waliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani, na mzigo mzito zaidi uliangukia Afrika kusini mwa Sahara.

Ndiyo maana nataka kujaribu majani ya mkulo pamoja na oksidi ya zinki. Oksidi hiyo si ngeni kwetu: imo kwenye kalamaini, ile dawa ya waridi wanayopakwa watoto wenye tetekuwanga. Ikiwa chembe za makumi machache ya nanomita, wakati bakteria mmoja wa E. koli ana urefu wa nanomita 2,000 hivi, hugandamana na ukuta wake, huachia ayoni za zinki na kuzalisha oksijeni kali inayounguza utando. Mafuta ya kunukia ya mimea nayo huulegeza utando huohuo. Mmoja anaweza kumfungulia mwenzake mlango. Anaweza, bado sijasema anafungua.

Jumamosi, 14 Juni

Siku nzima nimesoma taratibu za watafiti wengine. Wengi huchemsha majani, hutia chumvi ya zinki, kisha huchoma mashapo tanurini kwa nyuzi 400 au zaidi. Halafu wanaandika kwamba mmea na zinki vimeshirikiana kuua bakteria. Mmea upi? Kwa joto hilo kafuri imeruka, tanini zimeungua, kilichobaki ni oksidi. Majani yalisaidia kuitengeneza chembe, basi. Mimi nitaandaa chembe kwanza, kisha nitie maji ya majani yakiwa hayajaguswa na tanuri.

Wala sitategemea duara linaloonekana kwenye sahani ya aga pekee. Chembe za zinki hazisambai vizuri ndani ya aga, kwa hiyo duara dogo laweza kunidanganya. Nitatumia sahani ya visima 96: zinki peke yake, majani peke yake, kisha vyote kwa vipimo vinavyopungua nusu kwa nusu. Kama kila kimoja, kikiwa na mwenzake, kinahitaji robo tu ya kipimo kilichohitajika kikiwa peke yake, jumla ya robo hizo ni 0.5, na hapo ushirikiano upo. Ikizidi hapo, sitauita ushirikiano. Baada ya bakteria, seli za ngozi ya binadamu zipimwe kwa vipimo vilevile, kabla mtu yeyote hajapakwa kidondani.